Fundi rangi asiyetaka mwezi uandame

Saa tisa alasiri, Toyer Isaacs yuko juu ya ngazi mtaani Salt River, brashi mkononi, anamalizia dirisha la mwisho. Midomo imemkauka. Chini yake mwenye nyumba, Bi Gadija, amesimama, mikono kiunoni.

"Kaka Toyer, umepiga mkono mmoja tu? Wageni wa Idi watasema nimepaka chai!"

"Nimepiga miwili, Bi Gadija. Wa tatu nitaupiga ukinilipa wa kwanza."

Bi Gadija anacheka na kuingia ndani. Leo ni Ramadhani ishirini na tisa, na hapa Cape Town nyumba isiyopakwa rangi kabla ya Idi husemwa hadi jikoni kwa jirani. Kwa hiyo mwisho wa mfungo ndio mavuno ya mafundi rangi. Siku nzuri Toyer hupata randi mia sita. Mvua za Juni zikianza, anaweza kumaliza wiki mbili bila kufungua kopo.

Lakini ukimtaja mzee huyu wa miaka sitini na mitatu kuanzia Athlone hadi Bo-Kaap, watu hawataji rangi. Wanataja macho. Tangu ujana wake ni mmoja wa watazama mwezi, wale wanaokwenda ufukweni Sea Point kila mwezi wa Kiislamu unapokaribia kuisha. Darubini hawatumii. Babu zetu waliuona kwa macho, na sisi tunauona kwa macho, basi.

Sifa yake ilianzia mwaka mmoja ambapo umati mzima ulipiga kelele kwamba mwezi umeandama. Toyer peke yake akakataa. Masheikh wakamuuliza kwa nini. Akajibu, "Mwezi gani huo unaokwenda Johannesburg?" Ulikuwa moshi wa ndege. Tangu siku hiyo, Toyer akisema ameona, ameona.

Mwaka huu hataki kuona.

Wiki ya pili ya mfungo alianguka chini akiwa amebeba ndoo. Bahati alikuwa ameshashuka ngazi. Hospitali wakapima sukari, wakapima na figo. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alibadilisha dawa zake na kumruhusu amalize mwezi kwa sharti la kujipima mchana kutwa na kufungua sukari ikishuka. Kisha akamwambia mwakani hapana, na mwaka mwingine hapana. Toyer akakimbilia kwa imamu akitafuta huruma.

"Imamu aliniambia, Toyer, Mungu hakukuagiza ujiue. Ukifunga baada ya hapa, huo ni ukaidi, si ibada," anasema, akisugua brashi kwenye mafuta ya taa. "Nikamjibu nimesikia. Nikatoka nje nikalia kama mtoto."

Mimi niliyeshinda naye kazini leo namuuliza alilia nini hasa, maana wapo wengi ambao wangeshukuru kupata ruhusa ya kula. Ananitazama kama nimemtukana.

"Watu wanadhani kufunga ni njaa. Njaa gani? Mimi nimekulia kwenye njaa. Sikiliza. Miezi kumi na moja mimi ni mtu wa hovyo. Nagombana na wateja, alfajiri inanipita nimelala, na ulimi wangu muulize mke wangu. Mwezi huu mmoja ndio unaonifanya nijipende kidogo. Sasa ukiondoka, nitakuwa nani?"

Namsaidia kufunga ngazi.

Jioni, ufukwe wa Sea Point umejaa. Familia zimetandika mablanketi kwenye nyasi, chupa za supu na sahani za sambusa na bajia zinapita kutoka mkono hadi mkono, hata kwa watu wasiojuana. Toyer amevaa koti lake zito na kofia nyekundu ya marehemu baba yake. Kila hatua anasimamishwa.

"Kaka Toyer, usiuone leo, tafadhali! Nguo za watoto hazijatoka kwa fundi!"

"Uone, Kaka! Bosi wangu nimeshamwambia kesho siji!"

Anayemsumbua zaidi ni Moegsien Salie, muuza nyama wa Athlone, rafiki yake tangu madrasa na mtazama mwezi mwenzake. "Nyama imejaa dukani mpaka mlangoni," Moegsien anasema. "Nipe siku moja zaidi ya kuuza, nami nitakupa paja la kondoo."

"Paja lako lina mafuta kuliko wewe."

"Basi nikupe ini. Ini ni zuri kwa macho."

Toyer anacheka, lakini cheko halifiki mbali. Moegsien hajui habari za daktari. Ukimwacha imamu, na sasa mimi, hajaambiwa mtu yeyote isipokuwa Bi Faldiela, mke wa Toyer, ambaye amebaki nyumbani na kazi zake za mkesha wa Idi.

Jua linazama. Adhana inasomwa pale pale kwenye nyasi. Toyer anashika tende, anaitazama, haili. Wenzake wameshafika kwenye sambusa ya pili ndipo anaitia mdomoni. Anaitafuna taratibu mno, macho ameyafumba.

Baada ya swala ya magharibi watazamaji wanajipanga ukingoni. Wingu limelala juu ya bahari, lina nyufa chache tu. Zogo linapungua. Kina mama wanawanyamazisha watoto. Mimi nimesimama ubavuni pa Toyer, na ghafla nasikia pumzi yake inakatika. Namgeukia. Anatazama mbele.

Hasemi kitu.

Baadaye ndipo aliponieleza. "Nilikuwa nimeuona. Mwembamba, umelala kwenye ufa wa wingu. Kushoto hakuna aliyesema, kulia hakuna aliyesema. Nikajua ni mimi peke yangu. Na shetani, ingawa tunaambiwa amefungwa, alinijia na maneno matamu: nyamaza, Toyer, upate siku moja zaidi."

Tena angenyamaza, nani angemlaumu? Mwezi wa kuingia Ramadhani hutosha shahidi mmoja. Mwezi wa kutoka unataka wawili. Angeweza hata kusema ameuona, wingu likafunga, na ushahidi wake wa peke yake ungekataliwa kwa heshima zote.

"Lakini mimi macho yangu yangekuwa yameona," alisema. "Aliyeuona mwezi wa Idi, kesho yake kwake ni Idi. Kufunga ni haramu. Mji mzima ungefunga, na mimi ningejificha chooni nakula mkate kama mwizi. Siku niliyotaka kuiiba isingekuwa yangu. Ramadhani ilikuwa imeshaondoka, ndugu yangu. Nilikuwa nimeshika nguo yake tu."

Lisilo budi hutendwa. Toyer anavuta pumzi.

"Moegsien! Njoo hapa. Simama mbele yangu."

"Umeona?"

"Nyamaza, tazama. Unaiona meli yenye taa nyekundu? Panda juu yake ngumi moja. Sasa kulia, vidole viwili."

"Wingu tu, Kaka."

"Usiukodolee macho. Tazama kando yake kidogo, uache uje wenyewe."

Mkono wa Toyer umenyooka juu ya bega la rafiki yake. Ananikumbusha mtu anayemwonyesha dereva nyumba yenye msiba.

"Ya Allah," Moegsien ananong'ona. "Ule pale. Ule pale, Kaka! Kama ukucha!"

Masheikh wanawatenganisha, wanamuuliza kila mmoja peke yake: mwezi ulikuwa wapi, pembe zake zilielekea wapi. Majibu yanalingana. Takbira inapanda kutoka upande mmoja wa ufukwe hadi mwingine, watu wanakumbatiana, magari yanapiga honi. Toyer anapongezwa mpaka kofia inamwanguka. Idi Mubarak, Kaka. Macho yako Mungu ayabariki, Kaka.

Anajitoa taratibu, anakaa kwenye ukuta mfupi, anapiga simu nyumbani. Anaweka sauti ya nje kwa sababu masikio yake siyo macho yake.

"Umeandama," anasema. "Nimeuona mimi."

Inatoka sauti ya Bi Faldiela: "Pole, mume wangu."

Kati ya watu wote jioni hiyo, ni yeye peke yake aliyempa pole. Mabega ya Toyer yanaanguka. Analia bila kujificha, simu imebanwa kwenye shavu, na mkewe anamngoja.

"Faldiela," anasema mwishowe. "Mwakani nitalisha maskini kwa kila siku nisiyofunga. Pesa sitaki kutuma. Nataka nipike mwenyewe, nimpe mtu futari kwa mkono wangu, nimwone akifungua. Utanifundisha kupika supu?"

"Wewe? Utaniunguzia sufuria zote."

"Nitaziunguza."

"Haya, rudi nyumbani," anasema Bi Faldiela. "Tutaanza na kukata kitunguu."