Kimio cha Njeri

Nilikuwa Molo kwa mama, nikisaidia kuvuna viazi kabla ya kuondoka tena, niliposikia kwamba mkata kimio angekuja Jumamosi. Kimio ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kwetu mtoto akikoroma na kuumwa koo kila mara, wazee husema kimio kimerefuka, na yuko mtu wa kukikata kwa wembe. Sasa ilikuwa zamu ya Njeri, binti wa dada yangu, mwenye miaka sita. Dada anafanya kazi mbali. Mtoto analelewa na mama yangu.

Changu kilikatwa nikiwa mdogo kuliko yeye. Nakumbuka damu, nafuu siikumbuki. Nikamwomba mama tumpeleke Nakuru kwanza.

"Wewe uliacha shule darasa la sita," akasema. "Leo umekuwa daktari?"

Lakini nilipompigia dada simu naye akakubali, mama alivaa koti lake la kanisani.

Alhamisi, saa moja asubuhi, tulipanda lori la viazi, sote kwenye kebini. Tukiteremka mlima wa Sachangwan, Njeri alikuwa amelala mdomo wazi. Alikoroma, kisha akanyamaza kabisa. Kifua kilivuta, pumzi haikupita. Halafu akashtuka na kumeza hewa.

"Boss, huyo mtoto amezima?" dereva akaniuliza.

"Hulala hivyo," mama akajibu. "Ni baridi ya Molo."

"Mathe, lori langu likifanya hivyo naliweka kando ya barabara."

Mama hakuacha kumtazama Njeri hadi tukafika Nakuru.

Saa nne tulikuwa kliniki ya masikio, pua na koo. Daktari, mwanamke asiye na haraka, alinisikiliza nikieleza ya kwenye lori, kisha akauliza kama mtoto hupumulia mdomo, kama hukojoa kitandani, kama husikia anapoitwa.

"Huyo ni mkaidi," mama akasema. "Namwita mara tatu ndiyo ageuke. Mwalimu naye anasema ni mzito."

Daktari alimulika koo kwa tochi. Nikaomba kuchungulia. Tonsili mbili zilikuwa zimevimba kama viazi vya mbegu, karibu zigusane, na kimio kimebanwa katikati. Mama naye akainama, akatazama kwa muda.

"Sasa kimio kimekosa nini?"

"Hakuna," daktari akasema. "Ukikikata, hizi mbili zitabaki palepale. Na wembe unaweza kumletea damu isiyokoma, au maambukizi."

Picha ya eksirei ilionyesha nyama nyingine nyuma ya pua, zinazoitwa adenoidi, zilizoacha njia nyembamba ya hewa. Zilikuwa zimeziba pia vijia vya masikio, na majimaji yamejikusanya ndani. Kipimo kikathibitisha kwamba Njeri hasikii vizuri. Daktari alisema watoto wengi hawahitaji upasuaji. Wengine husaidiwa na dawa ya kupuliza puani, na adenoidi hupungua mtoto akikua. Lakini anayekatikiwa na pumzi usingizini, na masikio yameathirika, asicheleweshwe: alazwe usingizi kwa dawa, apasuliwe.

Mama aliuliza jambo moja tu. "Ataamka?"

"Kutakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kulinda pumzi yake mwanzo hadi mwisho. Hatari ni ndogo, siwezi kusema haipo. Hiyo mliyoiona kwenye lori humpata kila siku, na hakuna anayemlinda."

Mama alifungua mkoba, akanipa simu yake. "Mwambie yule mtu asije Jumamosi."

Tulirudi baada ya majuma mawili. Njeri alitolewa tonsili na adenoidi, na majimaji ya masikioni yakanyonywa. Aliamka akilia, akataka maji. Kwa kuwa Molo ni mbali na hospitali, tulikaa kwa rafiki yangu Bondeni, hapo Nakuru, hadi koo lilipopona. Tuliambiwa tumpe dawa ya maumivu kwa saa zake, vyakula laini na maji mengi, na akitema damu mbichi tukimbie hospitali papo hapo. Siku kadhaa mdomo ulinuka na masikio yakamuuma. Daktari alikuwa ametuonya.

Nilichojifunza ni kwamba mtoto anayekoroma si lazima awe kwenye usingizi mtamu, na asiyeitika huenda hasikii. Siku ya pili tangu turudi Molo, mama alisimama mlangoni akamwita Njeri kama alivyozoea, kwa sauti ya kufika shambani.

Njeri alikuwa nyuma yake, akimenya viazi. "Shosho, mbona unapiga kelele?" akasema. "Si niko hapa."

Mama aliketi kando yake, akachukua kisu cha pili.