Bata wa Uso Mweupe

Bata mwitu nawajua mimi. Nimewawinda kwa gobori miaka kwenye mabonde ya mpunga, na hata wazungu wa serikali wakienda kuwinda hunichukua mimi niwaongoze. Basi juzi, Idi ikiwa imebaki siku mbili na mtaa wetu wa Malindi wote unapaka kuta chokaa, akatokea uchochoroni bata mweusi mwenye uso mweupe pe. Nikamdaka, nikaanza darsa pale barazani.

"Wenye weupe usoni wapo wa aina mbili. Mmoja weupe wake uko mashavuni tu, na mdomo mwekundu. Wa pili uso wote mweupe, mdomo si mwekundu, naye hupiga mbinja. Huyu ndiye."

"Mbona hapigi mbinja?" akauliza Mzee Haji, fundi viatu.

"Ana hofu."

"Na mbona mnene hivi, wala haruki?"

"Katoka mbali, kachoka. Bata mwitu hana mwenyewe, Mzee Haji. Huyu riziki yangu."

Nikamchinja palepale, nikaagiza sufuria ya maji ya moto nimnyonyoe. Nilipomtia, maji yakawa kama maziwa. Nilipomtoa, uso ulikuwa mweusi tii.

Kabla sijapata pa kumficha, jirani yetu Bi Zuwena akatokea na ndoo mkononi.

"Jamani, bata wangu wa Idi katumbukiza kichwa kwenye ndoo hii ya chokaa, katoka mbio. Hamjamuona?"

Mzee Haji akanigeukia taratibu.

"Muulize huyu, Bi Zuwena. Bata anawajua."