Mwenye Pumzi Fupi Hutangulia

Siku ya kwanza kazini nilifika Mushaki nimevaa viatu vya kaka yangu, vimepigwa kiwi mpaka vinang'aa, na Papa Guide, yule mzee aliyekuwa kiongozi wa njia, alipoviona alicheka hadi akashika tumbo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa kijana wa Kingi, kijiji cha vilima vya mashariki ya Kongo, mtoto wa wakulima wa maharagwe, na sikuwahi kufikiri kwamba kutembea kunaweza kuwa kazi. Kwetu mtu alitembea kwa sababu shamba liko mbali. Kumbe walikuwapo walimu, wauguzi na makarani wa mashamba ya chai waliopanda milima kwa kupenda tu, tena siku ya mapumziko, na walihitaji vijana wa kuwaongoza. Wao walijiita Chama cha Watembezi wa Milima. Wanakijiji walikiita Chama cha Miguu, na hilo ndilo jina lililodumu.

"Vua ile biatu," Papa Guide aliniambia. "Leo utapiga umande. Biatu ya misa haipigake umande."

Mpiga umande kilikuwa cheo cha chini kabisa. Asubuhi kule juu majani ni marefu na yamejaa maji, na anayepita wa kwanza hulowa mpaka kifuani. Basi tulimtanguliza kijana mwenye fimbo ndefu, akayapiga majani kushoto na kulia ili wanaomfuata wapite pakavu. Siku ile nilipiga umande mpaka mikono ikafa ganzi. Tulipopumzika nilipewa chai kabla ya kila mtu, hata kabla ya mkubwa wetu, maana desturi ilisema mpiga umande anakunywa kwanza. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama nimepata kazi nzuri. Aliitazama suruali yangu akasema kazi hiyo ina maji mengi.

Mkubwa wetu tulimwita Papa Prezida. Kazi yake ya serikali ilikuwa monita wa kilimo, yaani yule aliyezunguka vijijini akifundisha watu kupanda kahawa na kuchimba mifereji ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Alikizoea kila kilima cha Masisi namna mtu anavyozoea ngazi ya nyumba yake. Wazungu wa mashamba walikuwa na chama chao cha kutembea, na walipoondoka waliacha fimbo za ncha ya chuma na mahema yanayovuja. Papa Prezida aliyakusanya, akawaita rafiki zake, na chama chetu kikaanza na urithi huo wa matundu.

Ninyi vijana mnaopanda pikipiki hata kwenda kuteka maji, acheni niwaeleze kidogo tulivyofanya kazi. Kulikuwa na kufunga njia: mpiga umande akifika mahali njia inapogawanyika, analaza tawi bichi juu ya ile isiyo yetu, na anayemfuata hana haja ya kuuliza. Kulikuwa na kituo cha pumzi, ambapo mzigo haushuki mgongoni. Unaegemea fimbo, unavuta hewa, mnaendelea. Na kulikuwa na salamu ya malisho. Milima ya juu ni ya wafugaji, na hatukukanyaga majani ya mtu kabla ya kusimama kwenye uzio na kuita mpaka mwenyewe atokee. Mara nyingi alitokea na mashuza, yale maziwa yaliyoganda. Kuyakataa ilikuwa matusi. Mwalimu mmoja wa Goma ambaye tumbo lake halikuyapenda aliyanywa kila mara huku machozi yakimtoka, na wafugaji wakadhani ni shukrani, wakamwongezea.

Ila sheria kubwa kuliko zote aliiweka Papa Prezida mwenyewe. Mwenye pumzi fupi hutangulia. Nyuma tu ya mpiga umande anawekwa yule anayechoka upesi kuliko wote, na hakuna anayeruhusiwa kumpita. Sababu yake ni rahisi. Mchovu akibaki nyuma, wenzake wanafika kituoni, wanapumzika, na yeye anapofika ndipo wanaondoka, kwa hiyo mtu anayehitaji kupumzika ndiye pekee asiyepumzika. Akiwa mbele, wote wanakwenda kwa mwendo wake na wote wanapumzika pamoja. Mwenye nguvu kuliko wote alikaa mwisho, tukamwita mkia, kazi yake kuwaokota walioanguka. Miaka yote mkia alikuwa Papa Prezida. Vijana wakitaka kukimbia mbele aliwaambia, "Kutangulia si kufika," na kwake haikuwa methali tu.

Sheria ilikuwa nzuri lakini iliuma. Kuitwa mbele ni kuambiwa mbele ya watu kwamba miguu yako imekwisha. Ndiyo maana guide hakusema "umechoka." Alimsogelea mtu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Njia inakuita." Nimeona wanaume wazima wakiinamisha kichwa kwa maneno hayo. Na guide alikuwa na mamlaka nyingine moja: akiona mtu hawezi kabisa, anamrudisha, hata akiwa nani.

Goti la Papa Guide lilipomshinda, fimbo yake nikapewa mimi. Nilifurahi kama bwana harusi. Sikujua ningepewa na mzigo uliokuwa ndani yake.

Mwaka huo Papa Prezida alikuwa anakohoa. Muganga wa dispensaire, yaani zahanati, alimkataza milima, naye akaitikia ndiyo, ndiyo, kama watu wazima wanavyowaitikia waganga. Kisha ikaja habari kutoka Pinga, kule kaskazini ya Walikale. Mke wake, Mama Feliciana, alikuwa mzaliwa wa huko. Baada ya vurugu za miaka ile madaraja yalikuwa yameoza na malori hayakupita tena, na hakuwa amemwona mama yake muda mrefu. Msafiri mmoja alisema yule mzee amelala, hali chakula, na kila mgeni anayeingia anamuuliza kama ni Feliciana.

Papa Prezida alinifuata shambani Kingi.

"Bahati, chama kitaenda Pinga, kupeleka Mama. Weye njo guide. Mimi nitakuwa mukia, kama siku yote."

"Papa, na kama nikiona hauwezi?"

"Utanirudisha. Njo kazi yako." Alitazama maharagwe yangu kwa muda, kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Lakini usinirudishe, mwanangu."

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Mama Feliciana asingemwacha mume wake mgonjwa nyumbani. Yeye akirudi, mkewe atarudi, na mzee wa Pinga atakufa akiuliza wageni. Nikimwachia aende, huenda nikamzika njiani mtu aliyenifundisha kazi. Nilimpenda Papa Prezida. Nasema hivyo wazi kwa sababu wakati ule hatukuambiana mambo hayo.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri, malisho na mashuza, watu wakicheka. Asubuhi iliyofuata njia ilianza kupanda kweli, na mambo yakageuka. Kila kituo cha pumzi, wakati wengine wananyanyuka, ndipo mkia wetu anatokea kwenye kona, mkono kwenye kiuno. Alikuwa ameingia kwenye shimo lile lile alilotunga sheria ili watu wasiingie. Nilishuka kumpokea. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na pumzi ilipiga mluzi kifuani. Alinitazama, na macho yake yalinikumbusha maneno aliyoniambia kule shambani.

Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, na yote mawili yalikuwa mabaya. Njia inakuita, au rudi. Yeye aliyetembea mwisho miaka yote, nimtoe mwisho mbele ya walimu na wauguzi wake? Nilifungua kinywa.

"Aïe! Goti yangu!"

Alikuwa Mama Feliciana, ameketi juu ya jiwe, kifurushi chake chini, anajisugua mguu kwa mikono miwili.

"Bahati, kuya hapa. Goti inanikatala. Siwezi kufuata bale balimu na miguu yabo ya korongo. Uniweke mbele."

"Mama, njia inakuita?" niliuliza kwa mshangao, kwa maana asubuhi nzima alipanda kama mbuzi.

"Inaniita sana. Na bwana yangu akuwe nyuma yangu, anishike nikianguka. Sitaki munifulumize, tuende pole pole."

Papa Prezida alimkaribia polepole. "Goti gani?"

"Ile ya kushoto."

"Tangu wakati gani?"

"Papa, goti haibishake hodi. Tuende ao hatuende?"

Karani mmoja wa chai alifungua mdomo kusema kwamba Mama alikuwa anajisugua goti la kulia. Nilimkanyaga mguu, na viatu vyangu siku hizo vilikuwa vya kazi. Alielewa. Wote walielewa, naona, maana hakuna aliyemtazama mwenzake. Nilimweka muuguzi mwenye nguvu kuwa mkia, nikampanga Mama nyuma ya mpiga umande, na Papa Prezida nyuma yake.

Sijaona mtu akitembea vile tena. Mama Feliciana alikwenda kama mtu aliyebeba mayai. Hakugeuka hata mara moja, lakini pumzi ya mumewe ilipoanza kukwaruza alisimama, akalaumu goti, akalaumu mawe, akalaumu waliochora njia, mpaka mluzi wa kifuani utulie. Kisha akaenda tena. Nyuma yao msururu mzima wa watu wenye miguu yao mizima ulisogea hatua moja moja, na hakuna aliyenung'unika. Tulipoanza kuushuka ule upande wa Walikale, ambako mashamba yanaisha na msitu unaanza, nilimsikia Papa Prezida akimwonyesha mti fulani na Mama akamjibu jina lake kwa lugha ya kwao. Waliendelea hivyo, mti kwa mti.

Tulifika Pinga tumechelewa kuliko chama kilivyowahi kuchelewa. Yule mzee alitolewa nje, akawekwa kwenye mkeka juani. Alimpapasa Mama Feliciana uso, masikio, nywele.

"Umekawia," alisema.

"Njia ilikuwa murefu, mama."

Akaomba chakula. Bikira Maria ni shahidi wangu, aliomba chakula, akala ndizi zilizopondwa na kuuliza kama zimebaki. Majirani walipiga ngoma mchana ule, na Mama Feliciana akaingia katikati akacheza, akachuchumaa mpaka chini na kunyanyuka, kwa magoti yote mawili. Mimi nilimtazama Papa Prezida. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anapiga makofi.

Wao walibaki Pinga, sisi tukarudi. Yule mzee aliishi hadi mvua zilizofuata, akafa bintiye akiwa pembeni. Ndipo wakarejea Masisi taratibu, wakilala kila kijiji walichokijua.

Mimi niliongoza watu mpaka chama chenyewe kilipokwisha. Walimu walihamishwa, makarani wakazeeka, njia zikaota magugu. Nilirudi kwenye maharagwe. Vijana huniuliza nilipata nini katika kazi ile, kwa kuwa sina cheti wala medali. Nilipata kuwajua watu kwa migongo yao. Mtu anaweza kukudanganya kwa uso, lakini mwangalie anavyopanda kilima akiwa amechoka na mwenzake yuko nyuma, utamjua. Nilijifunza pia kwamba ukubwa wa sheria ni pale inapomfikia mwenye kuitunga, na kwamba siku hiyo anahitaji mtu wa kumpenda kuliko mtu wa kumhukumu. Mimi nilikuwa na fimbo ya guide mkononi, na kazi ile ikafanywa na mwanamke aliyeketi juu ya jiwe.

Nilipoacha kazi nilikwenda kuwasalimia Masisi. Papa Prezida hakutoka kitandani tena. Mama alikuwa nje mlangoni, anachambua maharagwe na kuimba wimbo wa kanisani. Tulizungumza habari za zamani, nikapata ujasiri.

"Papa, ile goti ya Mama..."

Alicheka mpaka akakohoa. "Bahati, unawaza niko mujinga? Nilijua pale pale. Asubui iliuma ya kushoto, saa ya chakula ikauma ya kuume."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

Aligeuza kichwa kuelekea mlangoni. "Miaka yote natembea na batu, yeye anabaki ku nyumba ananingojea. Sikuwahi kumuona mbele yangu mu njia. Nikawaza, wacha aongoze. Nilikuwa naomba Mungu Pinga isifike." Akanishika mkono. "Usimuambie."

Nje wimbo ulikuwa umenyamaza.

"Nilijua unajua," Mama Feliciana alisema kutoka mlangoni. "Njo maana nikatembea pole zaidi."