Chai ya Kogo Niliyoifunua

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja kule Kimulot, miaka ya tisini, chuo kikiwa kimefungwa kwa mgomo nami nimerudi kwa kogo, mama yake baba, nikiwa na mabishano mengi kuliko nguo. Kogo alikuwa ameng'oa mahindi yake yote ili apande chai mvua ikifika. Vipandikizi vyake, jani moja moja ndani ya vifuko vya nailoni, vilikuwa na wiki mbili kwenye kitalu, chini ya karatasi kubwa ya plastiki iliyofukiwa kingo kwa udongo.

Siku hiyo alikuwa anakwenda Kapkatet kumuuguza shangazi hospitalini. Akanishikisha keni ya kumwagilia.

"Miche ya kabichi, acha hiki kichwa cha matundu, maji yashuke kama manyunyu. Nyanya, kitoe kichwa, umwage polepole kwa shina, usilowanishe majani. Chai usiguse."

"Kwa nini isiguswe, kogo? Nayo si mmea?"

"Nimekuambia usiguse. Ama huko chuo walifunga masikio pia?"

Akaenda. Nikabaki nimechanganyikiwa. Huyu anataka manyunyu, huyu anataka shinani, na wa tatu hataki kitu? Nikajiambia haya ni mazoea tu ya watu wasiouliza. Kesho yake nikafukua kingo, nikafunua plastiki, nikamwagilia chai yote. Nilifanya hivyo wiki nzima, asubuhi na jioni. Sikuelewa: kadiri nilivyomwaga, ndivyo majani yalivyozidi kulegea.

Kogo aliporudi alikwenda moja kwa moja kitaluni. Alichuchumaa, akachomoa kipandikizi kimoja. Chini kilikuwa cheusi, hakina mzizi hata mmoja.

"Kingekunywa na nini?" akaniuliza. "Kilikuwa kinaishi kwa unyevu uliofungiwa humu ndani. Wewe umeuachilia, ukaenda na upepo."

"Ungeniambia hivyo kabla, kogo."

"Ungeniuliza vizuri. Wewe uliuliza kama polisi."

Zaidi ya nusu vilikufa. Mwaka huo alipanda mahindi tena pale pale, na hakunisema kwa mtu. Hadi leo kuna jambo linanitatiza: mstari wa karibu na ua, ambao niliulowesha kuliko yote, ulipona wote. Nimewauliza mabwana shamba. Kila mmoja ana jibu lake.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi kuuliza. Mimi mwenyewe sijaacha. Lakini kabla hujainua keni, tazama mmea una nini cha kunywea. Miche michanga, ipe maji mepesi kupitia matundu. Nyanya, shinani, asubuhi. Kipandikizi kilichofunikwa, kiache mpaka siku zake zifike. Na ukiachiwa jasho la mtu mikononi, fanya kwanza alivyosema, kisha bishana naye akirudi. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, na akupe mtu wa kukujibu kwa upole pale usipoelewa.