Oili Chafu Mbele ya Geti

Jirani yangu wa mtaa wa Pasiansi aliheshimu kazi inayoonekana tu. Kilichokuwa chini, kwake hakikuwepo.

Njia ya kuingilia nyumbani tuliitumia pamoja. Pale inapokutana na barabara, ukingo wa lami ulikuwa umemeguka na kuacha shimo lenye meno. Mama yangu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na kila alipokwenda kliniki bajaji ilitumbukia pale, naye akauma mtandio wake asilie mbele ya dereva. Nilitaka avuke bila kuumia, basi.

Jirani alikuwa na harusi ya binti yake. Akaniambia nisihangaike, shimo atalimaliza yeye. Akamwaga changarawe juu ya matope, akaimiminia oili chafu ya gereji mpaka ikawa nyeusi, kisha akasimama mikono kiunoni kama aliyejenga daraja. Nilimweleza taratibu kwamba oili haishikishi mawe, inayatelezesha, tena inalainisha hata lami nzima iliyo pembeni. Mama alikuwa barazani, akisikiliza.

“Jirani, nyeusi si nyeusi?” alinijibu yule bwana. “Wageni wanakuja kula pilau, hawaji kukagua barabara.”

Wageni walikuja. Viatu walivua mlangoni, lakini mapindo ya magauni hayavuliwi mlangoni, na yalikuwa yameburuzwa juu ya ile lami yake. Majamvi yaliyoazimwa msikitini yakapata michirizi myeusi kutoka kizingiti hadi kwa bibi harusi. Baadaye mvua ikashuka kutoka mlimani, ikabeba changarawe yote. Shimo likabaki pana zaidi, linanuka gereji, na siku ya kliniki imekaribia.

Nikalitengeneza mwenyewe, na wewe unaweza, usiogope. Kwanza zibua mtaro, maana maji yakikosa njia yatapita chini ya kazi yako. Chimba uondoe kila kilicholegea mpaka ukute ardhi ngumu. Mimi ilinibidi niondoe na ule udongo wake uliokunywa oili. Kata kingo zisimame wima, fagia, acha pakauke. Paka kingo lami ya moto, ujaze kokoto zilizochanganywa na lami kidogo kidogo, ukishindilia kila tabaka kabla ya kuongeza jingine. Juu acha painuke kidogo, magari yatapakandamiza. Ukiona unachoka, pumzika. Kazi hii inataka subira kuliko nguvu, ndiyo maana ilimshinda yule bwana.

Alipita nikiwa nimeinama shimoni. “Utachimba mpaka umkute sangara wa ziwani,” akasema, akaenda zake. Hakuuliza hata kama nahitaji maji ya kunywa.

Siku ya kliniki nilipanda bajaji pamoja na mama. Tulipokaribia barabara alishika mtandio, akauweka mdomoni. Bajaji ikapanda, ikashuka upande wa pili, hakuna kilichogonga. Mama akautoa mtandio, akautazama, akaurudisha begani.

Jirani alikuwa nje ya geti lake, amepiga magoti, anasugua majamvi ya msikiti kwa sabuni ya unga. Michirizi ilikuwa imefifia tu, haijatoka. Akaamkia bila kusimama: “Shikamoo, mama.”

Mama akamwomba dereva apunguze mwendo.

“Marahaba, baba,” alisema. “Sugua tu. Nyeusi si nyeusi?”