Nilivyomlaumu Baba kwa Matangazo ya Kompyuta

Baba aliendesha treni kwa muda mrefu kuliko mimi nilivyofundisha. Alipostaafu, mikono yake ilikosa kazi. Alitengeneza viti ambavyo havikuwa vimevunjika. Mama alipofariki, nilimwomba atoke kwenye nyumba yao ya kambi ya reli aje tukae pamoja upande huu wa Kamina, karibu na shule ninapofundisha biolojia. Alikuja na sanduku moja, redio, na daftari tatu ambazo sikuwa nimewahi kuziona.

Ndani ya daftari hizo alikuwa ameandika safari zake. Aliandika kituo kwa kituo: nani alikuwa mkuu wa kituo, mvua ya mwaka gani ilikata njia, wanawake wa wapi waliuza samaki wa kukauka na wa wapi waliuza mihogo. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, umebanana kama watu kwenye behewa la mwisho.

"Mama," aliniambia siku moja. Baba huniita mama tangu nikiwa mtoto, kama wazee wote wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Unifundishe ile mashini yako. Nataka bitukuu basome hii maneno, na maandiko yangu hawataiweza."

Mashini yenyewe ilikuwa kompyuta ya mkononi niliyouziwa na mwalimu mwenzangu, kifuniko chake kimepasuka pembeni. Niliitumia kutayarisha masomo na maswali ya mitihani. Nilimwonyesha baba namna ya kuiwasha, kuandika, kuhifadhi. Alijifunza haraka kuliko wanafunzi wangu. Kila mchana nilipokuwa shuleni, alikaa mezani karibu na dirisha wakati jua limepamba moto na betri ya kibao cha jua imejaa, akaandika kwa vidole viwili. Nikirudi alinipa habari za siku.

"Leo nimefika Bukama," alisema. Alikuwa hajatoka nyumbani.

Nilimwonyesha pia namna ya kuingia kwenye mtandao kwa kuunganisha simu yangu ya zamani, ili atafute majina ya vituo alivyosahau. Hapo ndipo shida ilipoonekana.

Kwanza yalikuwa matangazo madogo kwenye kona ya skrini: viatu, dawa ya kupunguza tumbo, bahati nasibu. Tukayazoea. Halafu ukurasa wa kwanza wa mtandao ukabadilika. Badala ya ule tuliouzoea ukaja mwingine wenye rangi nyingi, na kila ukitafuta kitu ulikupeleka mahali usipopataka. Baadaye zikaja picha za wanawake waliovaa nusu. Katekista alipopita kutusalimu mchana mmoja, baba aliifunika skrini kwa kofia yake, na walizungumza kwa saa nzima huku kofia imekaa pale kama mgeni wa tatu.

Mwisho yakaja maonyo. Dirisha jekundu lilitokea katikati ya skrini na kusema kwa Kifaransa kwamba kompyuta ina virusi vitano, ufinye hapa upesi, au utapoteza kila kitu.

Siku ya ugomvi wetu ilikuwa siku ya kupeleka maswali ya mtihani kwa prefe, mkuu wa shule yetu ya sekondari. Nilifika nyumbani mchana, nikafungua kompyuta, ikachukua muda mrefu kama ng'ombe anayeinuka. Madirisha yakaanza kufunguka, moja juu ya jingine. Nilifunga moja, yakafunguka mawili. Mega zote za mtandao nilizonunua asubuhi zilikuwa zimekwisha, zimeliwa na matangazo.

"Baba, ulifanya nini humu?"

"Miye? Niliandika tu. Halafu ile kintu chekundu kikakuya, kikasema mashini iko na magonjwa, nikafinya fasi walisema nifinye."

"Ulifinya mara ngapi?"

"Kila mara kinakuya."

"Kila mara!" Nilipandisha sauti. "Baba, unafinya kila kitu unachoambiwa? Angalia sasa! Umeniharibia mashini, na kazi yangu iko humo!"

Alinitazama. Alikuwa na miwani puani, na mkono mmoja ulikuwa bado kwenye daftari.

"Mama, mi ni muntu wa reli," alisema polepole. "Miaka yote ile, taa nyekundu ikiwaka, hatubishane nayo. Unasimama, unafanya vile inasema. Njo vile nilifundishwa."

Nilichukua kalamu na karatasi, nikaandika maswali yote kwa mkono, nikakimbia shuleni. Niliporudi, daftari tatu hazikuwa mezani.

Kesho yake hakuandika. Wala keshokutwa. Aliondoka asubuhi kwenda kukaa na wenzake wa zamani kule kambini, akarudi jioni, akala, akaniuliza habari za shule kwa adabu ile ile unayomwonyesha mwenye nyumba usiyemjua. Wiki nzima ilipita hivyo. Nilijua nimekosea namna ya kusema. Lakini moyoni nilikuwa bado nasema kwamba kwa jambo lenyewe nilikuwa na haki.

Nilipeleka kompyuta kwa fundi wa simu sokoni. Hakuitazama hata dakika mbili.

"Hii ni ku-formater," alisema. "Tunafuta yote, tunaanza upya."

"Na maandiko yaliyomo?"

"Yote inaenda, mama. Kama huna kopi, yote inaenda."

Sikuwa na kopi. Kurasa alizopiga baba kwa vidole viwili, tangu Kamina hadi Bukama, zilikuwa humo na humo tu. Niliikumbatia kompyuta yangu, nikatoka.

Njiani nikamkumbuka mtawa mmoja, ma sœur kama tunavyowaita, anayefundisha informatiki katika shule ya parokia. Ni mama mfupi, mwenye sauti ya chini, na hufundisha katika chumba chenye kompyuta sita ambazo nne tu huwaka. Nilimkuta amemaliza darasa, anafuta ubao. Aliniwekea kiti, akafungua kompyuta, akayaacha madirisha yafunguke yote bila kuyagusa, kama mganga anayemwacha mgonjwa amalize kusema.

"Hapana kufuta kitu," alisema. "Kurasa ziko salama. Haya ni matangazo tu. Yanaingia pamoja na programu nyingine, yanakaa, yanakula mega zako ili mtu fulani mbali apate faida. Nani anaitumia mashini?"

"Mimi, ma sœur. Na baba yangu. Ni yeye aliyekuwa anafinya kila kitu."

Kwanza alichomeka flashi akanakili kurasa zote za baba na masomo yangu. Kisha akaikata kompyuta kwenye mtandao, akafungua orodha ya programu zote zilizomo na kuzipanga kwa tarehe, za karibuni juu.

"Soma," aliniambia. "Niambie zipi unazijua."

Nikasoma kwa kidole. Ile ya kuandikia, naijua. Ile ya printa, naijua. Halafu zikaja nne ambazo sikuzijua hata moja: moja ilijiita ya kusafisha kompyuta, moja ya kutafutia, nyingine mbili zilikuwa na majina ya herufi zisizosomeka. Zote nne zilikuwa na tarehe moja. Na siku hiyo hiyo iliingia ya tano, niliyoijua vizuri: programu ya kufungulia vitabu.

Nikaikazia macho tarehe. Ilikuwa juma ambalo baba hakuwapo Kamina. Alikuwa amekwenda Kabondo-Dianda kwa dada yake, kumsaidia kuvuna mahindi, na alikaa huko siku kumi na mbili. Nakumbuka kwa sababu nilimsindikiza mwenyewe kituoni.

Siku ile nilikuwa nimepakua mtandaoni kitabu cha biolojia kwa darasa la sita. Kitabu hakikufunguka. Nilitafuta programu ya kukifungua, nikaangukia ukurasa wenye kitufe kikubwa cha kijani, nikafinya. Kengele ya shule ilikuwa karibu kulia. Kila dirisha lililokuja liliuliza jambo kwa maandishi madogo, na mimi sikusoma hata mstari mmoja. Nilifinya *Suivant*, yaani endelea, *Suivant*, *Suivant*, hadi mwisho, nikachukua chaki zangu nikaondoka.

"Ni mimi," nilimwambia mtawa.

"Wengi wetu ni sisi," alijibu, akanisogezea kompyuta. "Sasa zitoe wewe mwenyewe, ili mikono ijue."

Nikaziondoa moja baada ya nyingine. Moja iliuliza kama kweli nataka kuiondoa, na kitufe cha kuibakiza kilikuwa kikubwa, cha kuiondoa kikiwa kidogo chenye rangi ya majivu. Mtawa alicheka nilipokaribia kukosea. Kisha tukaingia ndani ya programu ya mtandao: tukaondoa vijalizo viwili, yaani viprogramu vidogo vilivyojibandika humo, ambavyo hakuna aliyeviomba, tukarudisha ukurasa wa kwanza wa zamani. Tukafungua orodha ya kurasa zilizopewa ruhusa ya kututumia ujumbe. Zilikuwa nyingi, zimepangana kama watu wa mstari wa maji. Hizo, kusema kweli, alizikubali baba, kila alipofinya neno *Autoriser*. Tukazifuta zote. Mwisho mtawa aliweka programu ya kupekua uchafu, aliyoichukua kwa wenyewe walioitengeneza, tukaiacha ifanye kazi huku tukila karanga.

Tulipoizima na kuiwasha tena, skrini ilikuwa kimya. Sikujua kwamba skrini inaweza kuwa na kelele mpaka nilipoiona imenyamaza.

Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nipate nafasi ya kutafuta maneno. Si desturi kwetu kumwomba mzazi msamaha umekaa kwenye kiti sawa naye. Baba alikuwa nyuma ya nyumba, anachonga mpini wa jembe. Nikapiga magoti kwenye vumbi.

"Baba, unisamehe. Nilikupandishia sauti, na kosa lilikuwa langu. Ni mimi niliyeingiza vile vitu. Weye ulikuwa Kabondo-Dianda."

Aliacha kuchonga. Nikaona mdomo wake unatikisika kidogo, nikadhani ana hasira. Kumbe alikuwa anazuia kicheko.

"Kabondo-Dianda," alisema. "Mi niko navuna mahindi, na njo miye naharibu mashini?"

"Njo vile, baba."

"Simama, mama. Vumbi itakuingia." Nilipokuwa najipangusa akaongeza, "Lakini mi pia nilifinyaka. Tusidanganyane. Kuya, unionyeshe."

Tukaingia ndani, tukakaa pamoja mbele ya kompyuta. Nilimweleza alivyonieleza mtawa: kwamba ukurasa wa mtandao hauwezi kuona magonjwa ya kompyuta yetu, kwamba onyo la kweli linatoka kwa programu tuliyoiweka wenyewe na ambayo tunaijua jina, kwamba mtu anayekuhimiza ufanye upesi bila kufikiri, mara nyingi anataka kitu chako.

Baba alifikiri.

"Ku reli, taa iko na fasi yake," alisema. "Tunajua iko ku kilometa gani, tunajua nani anaiwasha. Kama nikiona taa nyekundu ndani ya majani, fasi haina yake, nasimama, ndiyo, lakini siteremke kufanya vile inasema. Naita kituo kwanza. Inaweza kuwa wezi."

"Basi uite kituo, baba. Kituo ni mimi."

"Na weye utaita nani?"

"Ma sœur."

Akaridhika.

Haikuwa mwisho kabisa. Siku chache baadaye ukurasa ule wa rangi nyingi ulirudi wenyewe, na baba aliniita akiwa amenyoosha mikono yote miwili hewani, mbali na kompyuta, kunionyesha kwamba hajagusa kitu. Mtawa alikuta kipande kimoja kilichobaki, kilichojipanga kuamka kila kompyuta inapowashwa. Akakitoa. Tangu hapo hatujakiona tena. Aliweka pia kijalizo cha kuzuia matangazo, na mega zangu sasa zinafika mwisho wa juma.

Mimi nimejifunza kusoma maandishi madogo. Nikitaka programu naenda kwa mwenye kuitengeneza, naondoa alama kwenye visanduku vyote nisivyovihitaji, na kengele ya shule ikilia kabla sijamaliza, naiacha kazi nusu. Wanafunzi wangu nimewaambia kisa chote, pamoja na sehemu ya magoti.

Baba alirudi mezani karibu na dirisha. Jana nilimkuta amesimamisha kazi, ametoa miwani, anaifuta kwa shati.

"Leo umefika wapi?" nilimuuliza.

"Leo sijatembea. Nimefika siku mama yako aliteremka ku gari ya moshi mara ya kwanza, hapa Kamina. Alikuwa na bilauri mbili za mama yake, amezifunga ndani ya kitambaa, na moja ilikuwa imepasuka. Alikuwa analia juu ya ile bilauri." Akavaa miwani tena. "Mama, inawezekana kutia picha ndani ya ukurasa?"

Nikamwambia inawezekana. Akainuka kwenda kufungua sanduku lake, kutafuta picha ya mama yangu, na mimi nikasogeza kiti, nikaanza kumtayarishia nafasi katikati ya maneno.