Shamba la Mama Ndani ya Simu

Jina la Spidi hakulipata kwa kusuka. Wateja wa saluni yake walilalamika kila siku kwamba dada huyo anasuka kama anayebembeleza kila unywele. Alilipata kwa gemu ya magari. Hapo alikuwa hashikiki, na saluni nzima ilikuwa imeambukizwa gemu. Mwalimu mmoja, mteja wa siku nyingi, aliapa kwamba haijatokea gemu ya kumshinda yule nyoka wa simu za vibonyezo, anayekula vidoti mpaka anajigonga mkia. Msusi mwenzake Spidi, mdomo kama redio, yeye alikuwa wa gemu ya kupanga peremende, na akikwama hatua moja hasemi na mtu hadi aivuke.

"Nyie mnacheza vya watoto," Spidi aliwaambia. "Gemu ni gari, moshi, kona kali!"

Mama yake naye alikuwa mchezaji, ingawa ungemwambia hivyo angekukatalia. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, na siku alipoifunika cherehani yake kwa mara ya mwisho alianzisha shamba ndani ya simu. Alikuwa na mahindi, kisima, kuku wa kila rangi, na mbuzi aliyempa jina la Sharubu. Kila asubuhi alimwagilia kabla hata ya kunywa chai. Ndiyo ilikuwa furaha yake, hana nyingine.

"Mama, gemu gani hiyo haina hata mbio?" Spidi alikuwa akimchokoza.

"Mahindi yakimbie yaende wapi, mwanangu?"

Basi mama akapasuliwa mtoto wa jicho, jicho lile la kulia. La kushoto lilikuwa limezima zamani, kwa hiyo bandeji ilipofungwa, na daktari kuagiza ikae siku nyingi kuliko kawaida, akawa haoni kitu. Alimkabidhi Spidi simu kwa mikono miwili. "Nilishie kuku wangu. Na Sharubu usinisahaulie, tafadhali."

"Ondoa shaka, Mama."

Siku hiyohiyo, jamani, hata kesho haikufika! Simu ya Spidi ilikuwa imepasuka kioo, ya mama ilikuwa na kioo kipana kinachong'aa, na gemu mpya ya magari ndiyo kwanza imetoka. Wateja wakamzunguka: iweke tuione! Simu ikagoma, nafasi imejaa. Spidi akapekua, akaona kinachokula nafasi kuliko vyote ni lile shamba. "Nalitoa kidogo, jioni nalirudisha," akasema, na alisema kwa kujiamini, maana gemu zake zote zilikuwa na akaunti. Ukizifuta leo, kesho unazikuta palepale ulipoziacha. Akafuta. Wakashindana magari mpaka mteja aliyesahauliwa kwenye draya akapiga kelele kwamba anaungua.

Jioni akalirudisha shamba. Likafunguka, mkulima wa katuni akampungia kofia: Karibu, mgeni! Mbele yake kiwanja kitupu na kuku mmoja. Mama wa watu hakuwahi kufungua akaunti, miaka yote alikuwa amecheza kama mgeni, na shamba la mgeni likifutwa halirudi. Spidi akaifunga gemu, akaifungua tena. Kuku yuleyule mmoja.

"Wamekula?" mama akaita kutoka chumbani.

Angesema ukweli pale, yangeisha. Lakini ulimi wake nao una spidi. "Wamekula, Mama. Wameshiba mpaka wanasinzia."

Mama akacheka, akapapasa ukingo wa kitanda. "Njoo ukae unieleze vizuri."

Uongo ukaanzia hapo. Kesho yake jioni akakaa tena pale kitandani na simu mkononi, akasimulia mahindi yalivyorefuka na kuku walivyogombana kisimani. Alipoishiwa habari akabuni tu: "Halafu nilisahau! Sharubu amezaa. Mapacha!"

Mama akalirudia neno polepole. "Mapacha," akasema. "Haya, hongera yake."

Tangu hapo Spidi hakugusa gari tena. Mchana kutwa alilima, mkono mmoja kwenye nywele za mtu, mwingine kwenye nyanya za katuni, akikimbizana na siku ya bandeji kutoka. Na gemu ile haina haraka, nyanya zinaiva zinapotaka zenyewe. Saluni ikamgeuza kichekesho. "Spidi anapalilia!" alicheka mwalimu, machozi yakimtoka. Yeye hakucheka. Kilichomuumiza zaidi ni zile jioni, maana kila alipomaliza kusimulia, mama alimshika mkono na kumwombea dua, mtoto mwema, Mungu akuzidishie, na Spidi alitamani ardhi ipasuke aingie. Alijiona mwizi anayeshukuriwa na aliyeibiwa. Mara mbili alifungua mdomo aseme. Mara mbili akasimulia kuku.

Bandeji ikatoka. Mama akavaa miwani mipya, akakaa sebuleni, akanyoosha mkono apewe simu. Spidi alipiga magoti.

"Mama, kabla hujafungua, nisamehe." Akayamwaga yote: gemu ya magari, nafasi iliyojaa, mgeni, kuku mmoja, na kila alichosimulia.

Mama aliangalia kioo cha simu. Vijishamba vitatu, nyanya, kuku wachache.

"Sharubu ni beberu," akasema.

"Eh?"

"Beberu, mwanangu. Dume. Uliponiambia amezaa nikajua shamba hukuliona, au halipo tena. Ulivyotoka nililia mpaka nikaogopa bandeji italowa."

"Sasa Mama, mbona hukuniambia? Umeniacha nidanganye siku zote hizo!"

"Nilipanga kukusema kesho yake. Ukaja, ukakaa pale kitandani, ukaanza kuku hivi, mahindi vile. Nikasema ngoja kwanza." Mama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga japo haikuwa na vumbi. "Tangu nifunike cherehani wewe unapita tu hapo mlangoni. Shikamoo Mama, umekula, umeshapotea. Kwani ulidhani nalima kwa kupenda mahindi?"

Siku zote hizo Spidi alikuwa akijilaumu kwa shamba tu. Akajisogeza, akaketi sakafuni karibu na miguu ya mama, na machozi yakamtoka bila kuombwa.

Mama akamrudishia simu mkononi.

"Haya, usinililie. Leo huna habari? Mapacha wa Sharubu wanaendeleaje?"